Saa Iliyotikiswa

Fundi saa wa mtaa ule aliitwa Dakika, kwa sababu kila mteja aliyekuja kuulizia saa yake alijibiwa dakika moja tu, na dakika hiyo mara nyingine ilichukua mwezi. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la simu na duka jingine la simu. Siku hizi watu hutazama saa kwenye simu, na simu hazikosei hata kidogo, ndiyo maana hakuna anayefika popote kwa wakati.

Kisukari alikuwa nacho miaka mingi. Marehemu mkewe alikuwa akimficha kopo la maziwa matamu nyuma ya mafuta ya taa. Sasa kopo lilikaa mezani mchana kweupe, kati ya koleo na lenzi, kijiko kikiwa kimesimama ndani yake kama askari wa zamu.

Binti yake alishatoa sharti. Majibu ya damu ya safari hii yakiwa mabaya, baba anafunga kibanda na kuhamia kwake, kwenye nyumba ambayo wali hupimwa kwa kikombe na chai hunywewa kama adhabu. Yakiwa mazuri, hatamgusa tena. Dakika alikubali upesi mno, na binti angepaswa kushtuka palepale.

Wiki moja kabla ya kutoa damu, mzee akawa mtakatifu. Alikula majani ya kuchemsha bila kinyongo, akanywa maji, akameza kwa wakati vidonge ambavyo kwa kawaida huvikumbuka tu akiviona. Kopo alilifunika kwa kitambaa, kwa heshima zote. Alipomaliza kutolewa damu alirudi kibandani akalifunua kopo, wakasalimiana.

Siku ya majibu alikwenda kliniki. Wanaita majibu, ingawa hakuna aliyemuuliza swali. Mlangoni mashine ilimpa karatasi yenye namba, na sauti ya mwanamke asiyekuwepo ikawa inaita namba kutoka darini. Zamani palikuwa na daktari pale. Alikutazama ulimi, akakubonyeza mguu, akauliza hali ya mkeo, ndipo akakugombeza, nawe ukatoka umepona nusu. Sasa palikuwa na kompyuta na mtu wa kuitunza.

Mtunzaji huyo alikuwa daktari wa kike, kijana, mwenye adabu zake.

“Shikamoo, babu,” alikiambia kioo cha kompyuta.

Dakika aliitikia marahaba kwa niaba ya kioo.

Daktari alisema sukari ya asubuhi ni sita nukta moja, akampongeza. Mzee alishashika kofia yake, na moyoni alikuwa tayari amemnunulia binti soda ya kumfariji, aliposikia kwamba kuna kipimo cha pili. Hicho, daktari alieleza, hakiangalii ulivyoamka siku ya kutoa damu, kinaangalia damu ilivyoishi miezi mitatu iliyopita. Kilikuwa kimefika asilimia kumi, wakati hakitakiwi kupita saba. Sasa ndipo alipogeuka kutoka kwenye kioo, akamtazama.

“Babu, ulijitahidi wiki ngapi?”

“Moja,” akasema Dakika, akiwa ameshtukizwa na kule kutazamwa.

Daktari hakukasirika, na hilo ndilo lililomwudhi mzee. Maisha yake yote amewaona wanaume wakisimama nje ya kibanda, wakaitikisa saa iliyokufa, kisha wakaingia kuiuza mbio kabla haijasimama tena: fundi, sikiliza, inatembea. Naye huwacheka. Ukilitikisa hata kopo la misumari litalia. Iache hapa, huwaambia, nikae nayo, nione inavyokwenda ikiwa haitazamwi.

Aliomba, kwa sauti ya chini, kwamba binti aambiwe ile namba ya kwanza tu. Daktari akasema samahani, majibu yote mawili yalishatumwa kwenye simu ya binti tangu asubuhi. Maendeleo haya.

Jioni binti alimkuta kibandani. Dakika alikuwa ameandaa hotuba kuhusu uhuru wa mtu mzima, mashine zisizo na haya na madaktari wasioshika mguu, akaanza kuitoa kwa ufasaha. Binti hakubisha. Alilichukua kopo, akalitikisa sikioni, kijiko kikagonga utupu.

“Baba, saa inayolia ikitikiswa tu, huwa unamwambia nini mwenyewe?”

Fundi alijishughulisha na lenzi kwa muda mrefu kuliko lenzi ilivyohitaji.

“Aiache,” akasema.

“Basi.”

Chini ya meza ile palikuwa na droo ambayo binti hakuwahi kuifungua. Ilijaa saa zilizoachwa. Wenyewe waliapa kurudi kesho, wakapata simu, au wakafa, au wakasahau tu. Nyingine alizitengeneza zikapona kabisa, akawa anazitia ufunguo mwenyewe asubuhi ili zisijisikie vibaya.

Alivuta kitabu cha tiketi za wanaoacha saa, akamwekea binti mbele pamoja na kalamu.

“Miezi mitatu kwako, mpaka kipimo kijacho. Andika tarehe ya kuchukuliwa, na uandike vizuri isomeke.”

Binti akaandika. Mzee akakichana kipande chake, akakikunja, akakitia mfuko wa shati na kuufunga kwa kifungo. Kisha akaanza kuzitia ufunguo zile za kwenye droo, moja moja, huku binti akisubiri mlangoni na kumwuliza kama bado.

“Dakika moja tu,” akasema.