Prosesa Gonjwa na Kikohozi cha Baba Mkwe

Hadi mwaka jana, mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kuingia ndani ya studio yangu. Iko hapa Kikima, mlango mmoja na dirisha moja, na akija kututembelea kutoka kwao Kathonzweni anaishia pale veranda, kwenye kiti cha plastiki, ameupa mlango mgongo. Si kiburi. Ni nthoni, ile heshima ya Kikamba kati ya mwanamume na mama mkwe wake: hatupeani mkono, hatuli pamoja, hatukai chumba kimoja kidogo, na tukiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mke wangu. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao mbele ya kamera, na mimi nawapiga picha nikinyamaza. Sisi tumeshikilia ya zamani. Miaka yote hiyo ya ndoa, yule mama hakuwahi kunisemesha uso kwa uso, ni "mwambie mkwe wangu" tu.

Kwa hiyo siku aliyoleta kaseti, kaseti ndiyo iliyoingia. Yeye alibaki nje.

Ilikuwa kaseti ya video ya zamani, zile kubwa nyeusi, imefungwa ndani ya leso na inanukia ndengu. Nilijua ni ya siku gani hata kabla sijaifungua. Ni ya ntheo yetu, siku niliyopeleka mbuzi kwao ili binti yao awe mke wangu kimila. Baba mkwe alisimama siku hiyo akazungumza na wageni. Sasa ni marehemu, na alituacha kabla simu za kurekodi hazijafika mikononi mwetu, kwa hiyo sauti yake haiko mahali pengine popote duniani.

"Mwambie mkwe wangu," nikasikia kutoka veranda, "sura ninayo ukutani. Sauti ndiyo inanitoroka. Kila nikiamka naona imeenda mbali kidogo."

Mke wangu aliingia kuniletea ujumbe, akaona uso wangu, akajua nimeshausikia. Akaendelea kusimama hapo. Mama akaongeza kwamba kuna neno mzee alisema siku hiyo, watu wakacheka hadi wakashikana. Yeye alikuwa jikoni. Asingeweza kutoka, maana mkwe mpya ameketi uani, na kule jikoni wanawake walikuwa wanaimba na kugonga sufuria. Jioni alimuuliza mumewe, "Ulisema nini?" Mzee akajibu, "Mambo ya wanaume." Akamuuliza mwaka baada ya mwaka, jibu likawa lile lile, na mwishowe akaenda nalo kaburini.

Utaniuliza, si wewe ulikuwa umeketi hapo? Nilikuwa. Lakini haki ya Mungu sikumbuki hata neno moja. Nilikuwa natetemeka, nimevaa viatu vya kuazima vinavyoniua vidole, macho yangu yote kwa mbuzi wasije wakakata kamba.

"Mwambie mama hiyo kazi ni kama kunywa maji," nikasema kwa majigambo. Sikuwa na wasiwasi wowote. Mashine yangu ya mezani niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, na prosesa yake, ule ubongo wa kupiga hesabu zote, ni ya zile za kasi kali. Niliisifu sana mbele ya wateja mpaka mke wangu akaanza kuiita mke mwenza.

Nikaunganisha deki ya kuchezea kaseti na kompyuta, deki icheze na kompyuta inakili. Picha ikaja. Woi! Mbuzi wale pale, mwembe uani, na mimi mwenyewe, kijana mwembamba aliyemezwa na suti. Mara skrini ikawa buluu, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe kama mtu aliyeshtuka usingizini.

"Ni stima hiyo," nikasema. Hapa Kikima stima inalaumiwa kwa kila kitu, hata maziwa yakiganda. Lakini deki ilikuwa kwenye soketi ile ile, na ilikuwa bado inazunguka bila shida. Nilipoifungua niifute, pamba ilitoka na unga wa kahawia. Unga ule ndio picha yenyewe, ndio sauti yenyewe, umebanduka kwenye mkanda. Kila nikiicheza kaseti, mzee anapungua.

Nikaweka betri ya akiba katikati ili stima isinisumbue, nikajaribu tena. Safari hii tulifika pale baba mkwe anapoinuka. Akarekebisha kofia, akakohoa. Mara mbili fupi, moja ndefu, kile kikohozi chake cha kuwatangazia watoto kwamba baba anaingia. Kiti cha veranda kikalia. "Ni yeye," mama akasema. Na papo hapo skrini ikawa buluu.

"Mwambie mkwe wangu, mbona amenyamaza?"

Sasa, mwanamume hamwambii mama mkwe wake kwamba ameshindwa. Hayo hayasemeki. Nikamwambia mke wangu ampe neno "kesho". Kesho yake nikatuma "kesho" nyingine. Nilidhani naonyesha heshima, kumbe yule mama kwenye kiti chake anajumlisha mambo yake. Siku iliyofuata alisema anataka kaseti yake arudi nayo Kathonzweni. Mzee amekataa, alisema. Amekohoa kututahadharisha, na sisi hatusikii.

"Umeona kazi ya kesho zako?" mke wangu aliniuliza, mikono kiunoni.

Nikapaza sauti, nikimtazama mke wangu lakini nikiupeleka ujumbe mlangoni. "Mwambie mama mzee hajakataa! Mashine yangu ndiyo mgonjwa, na sijui inaumwa wapi. Na mkanda umechoka. Naweza kuucheza mara moja tu tena. Sitauwasha mpaka nijue mashine imepona."

Kiti cha veranda kikalia tena. Halafu: "Basi aitibu. Nitangoja." Akashuka kwa dada yake mdogo chini ya soko, anakolala kila akija, maana mama mkwe hawezi kulala kwa mkwe.

Nikaanza kutibu. Nilipuliza vumbi lote, na vumbi la kwetu mnalijua. Nikabadilisha memori. Nikabadilisha kile kisanduku cha ndani kinachogawa stima. Nikafuta programu zote nikaziweka upya. Ng'ombe ile ikanichezea! Leo inalalamikia memori ya picha, kesho inalaumu programu ya video, kesho kutwa inakufa hakuna aliyeigusa. Niliitukana kwa Kiswahili, nikaitukana kwa Kikamba, mpaka mke wangu akafunga dirisha kwa ajili ya wapita njia. Kwa nini nisitumie mashine nyingine? Niliazima laptop ya mwalimu jirani, lakini ilikuwa inaruka picha, na mama hakukubali kaseti ipande gari kwenda Nairobi.

Prosesa sikuigusa. Fundi yeyote wa kompyuta atakuambia: kila kitu kinakufa, prosesa haifi. Nami huwatengenezea watu kompyuta: nimefungua mashine zilizokaliwa na mende, zilizomwagiwa uji, zilizopigwa na radi, na prosesa ndani yake ni nzima. Kuishuku ilikuwa kama kushuku kwamba jua limechomoza upande mbaya.

Basi asubuhi moja nilikuwa nafungua furushi la picha za harusi, yale mafaili yanayobanwa pamoja ili yawe madogo. Mashine ikaniambia furushi limeharibika. Nikalifungua tena kwa hasira tu, likafunguka vizuri. Tena, limeharibika. Tena, zima. Nikalipeleka kwenye laptop ya mwalimu: zima kila mara, hata nikilifungua mpaka nichoke.

Niliketi chini. Furushi ni lile lile. Kulifungua ni hesabu tu, hesabu ndefu ya kujumlisha na kutoa, na mashine yangu ilikuwa inafanya hesabu ile ile na kupata majibu tofauti. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inakosea. Mara moja moja, mahali padogo sana, inakosea, kisha inaendelea na kosa lake kwa ujasiri mpaka inajikwaa na kuanguka mbali kabisa na pale ilipokosea. Ndiyo maana kila siku ilimtaja mshtakiwa mwingine.

Nikaichomoa prosesa nikaiweka kiganjani. Bamba dogo la chuma, mtu angeliweza kulipoteza ndani ya gunia la mbaazi. Ndani yake kuna swichi ndogo zisizohesabika, zinafunga na kufungua kwa kasi ambayo akili yangu haiwezi kuishika, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii nilikuwa nimeziamini bila hata kuzifikiria. Kumbe siku zote muujiza haukuwa kwamba siku moja zimekosea. Muujiza ni kwamba zilikuwa hazikosei. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaangalia, akasema, "Ni hako tu?" Nikamwambia ndiyo, ni hako tu, na nilikuwa karibu kulia.

Baadaye nilisoma kwamba wengine pia yaliwapata: prosesa za kasi kali zinalishwa umeme mwingi kuliko zinavyostahimili, zinaungua polepole kwa ndani, na zikishaungua haziponi. Lakini wenye kuzijua walisema zikipunguziwa mwendo, zinaweza kubeba kazi siku mbili tatu. Nikairudisha mahali pake na grisi mpya ya kupoza. Nikaingia kwenye ile menyu inayotokea kabla kompyuta haijaamka kabisa, nikaishusha kasi, nikaishusha tena, mpaka mashine yangu ya majigambo ikawa inatembea kama mzee anayepanda mlima wa Mbooni na kikapu. Nikalifungua lile furushi. Zima. Nikalifungua tena na tena tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne, na mke wangu akaniambia niache, sasa nalifungua kwa woga tu.

"Kamwite mama," nikasema.

Alikuja amejifunga masweta mawili, baridi yetu hajaizoea hata leo. Akaketi kwenye kiti chake, mgongo mlangoni. Nilizima spika kabisa, nisije nikampa kikohozi kingine halafu nikamnyang'anya. Nikabonyeza deki.

Mbuzi. Mwembe. Mimi na suti yangu. Baba mkwe akainuka, akarekebisha kofia, kifua chake kikatikisika mara tatu bila sauti. Mashine ikaendelea. Akafungua mdomo, na mdomo ule ukawa unasema, unasema, na ile prosesa iliyoungua ikimeza kila alichosema, polepole, bila kukosea. Mikono yangu ilikuwa imeshikana chini ya meza kama ya mtu anayeombewa. Kaseti ikafika mwisho ikakatika na kujiviringisha ndani ya deki, na sikujali. Tayari mzee alikuwa amevuka. Nikamnakili kwenye flashi mbili kabla sijamwambia mtu yeyote neno.

Kisha nikawasha spika, nikaongeza sauti hadi mwisho ili ifike veranda, nikaanza tangu kile kikohozi.

"Mnanipa pongezi kwa binti huyu," baba mkwe akasema kwa Kikamba chake cha taratibu. "Mimi nilikuwa Mombasa nikitafuta riziki, nyumbani narudi Krismasi. Aliyemlea yuko kule jikoni, na hatatoka kwa sababu mkwe yuko hapa. Basi nitasema kwa nguvu asikie." Akaugeuzia wageni mgongo, akaelekea jikoni, akaweka mikono mdomoni. "Mama watoto! Leo wakiniambia nichague upya, narudi kwenu, na hata baba yako akitaka mbuzi mara mbili, namletea!"

Wageni wakacheka hadi wakashikana. Vigelegele vikapigwa. Jikoni, sufuria ziligongwa na nyimbo zikaendelea.

"Mama watoto!" akaita tena. "Umesikia?"

Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Nikasikia kiti cha plastiki kikiburuzwa, halafu kivuli kikaingia mlangoni, na mama mkwe wangu alikuwa ndani ya studio, hatua moja kutoka bega langu. Niliruka niinuke nitoke, nthoni ni nthoni, lakini alikuwa amesimama katikati ya njia na hakuniona. Alikuwa anaitazama skrini.

"Nimesikia," akamwambia.

Pale kwenye video mzee alikuwa ameshaketi, anafuta kofia. Mama akageuka. Akanitazama machoni, mimi, bila kumtafuta mke wangu.

"Mwanangu," akasema, "mrudishe."

Nikamrudisha.