Ungamo Baada ya Ngoma

Mwaka ule mkungu wetu, yaani mkuu wa kijiji, aliamua Kiruruma iwe na siku ya ngoma baada ya mavuno ya kahawa. Haikuwa ngoma ya arusi wala ya kumpokea mkubwa yeyote. Alisema watoto wanakua bila kuzijua nyimbo za kwao, kwa hiyo wapigaji na waimbaji wa pande zote waitwe, wapige mchana kutwa kwenye uwanja wa malisho, na sisi wenyeji tuwapikie na kuwalaza. Kila nyumba iliombwa itoe mtu wa kusaidia.

Sitasema nilijitolea kwa kupenda ngoma. Nilijitolea kwa ajili ya jirani yangu.

Mimi na yeye tuliolewa msimu mmoja, katika nyumba mbili zilizotenganishwa na safu chache za migomba. Mimi nilikuwa binti wa wakulima. Yeye baba yake alikuwa mfugaji wa Nyakatuntu, na siku alipofika hakujua hata kumenya ndizi. Alizimenya kwa kuzichonga kama anachonga mpini, nusu ya chakula ikabaki kwenye maganda. Nilimfundisha. Naye akanifundisha kusukasuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi itoke. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mkunga akiwa bado njiani, ni yeye aliyempokea mtoto mikononi. Tangu hapo tuliitana munywani. Kwetu neno hilo si la kumwita kila mtu. Ni rafiki uliyefungamana naye kama ndugu wa tumbo moja.

Sote tulikuwa waumini wa kanisa dogo la udongo lililokuwa kilimani. Miaka ile wimbi la uamsho lilikuwa limefika kwetu, na waliookoka, walokole, walikuwa wakali sana juu ya pombe na ngoma za jadi. Mume wa jirani yangu alikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele. Mume wangu alikuwa Mkristo wa kawaida, wa kwenda ibadani na kurudi shambani.

Siku kumi hivi kabla ya ngoma, jirani yangu alinikuta nikianika kahawa. Alichuchumaa, akaanza kuokota vijiti kwenye mkeka kama mtu asiye na haraka.

"Munywani, baba yangu ameitwa aje kuimba na kupiga nyuzi za enanga."

"Mbona unasema kama umefiwa?"

"Nitamlaza wapi? Mume wangu amesema enanga haitapita mlangoni kwake. Na kama baba mwenyewe anakuja na enanga, basi naye asipite."

"Atalala kwangu."

Alinitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na koo lake halifunguki bila rubisi. Ni mzee, ndivyo alivyozoea. Kwangu siwezi hata kuigusa."

Nikamwambia pombe hiyo ya ndizi tutaitengeneza kwangu. Ndizi zilitoka shambani kwake, alizileta mwenyewe kichwani, mikungu mitatu. Tuliziivisha shimoni nyuma ya nyumba yangu, tukazikamua pamoja kwa nyasi, mikono yetu ndani ya mtumbwi mmoja wa mbao, tukacheka mpaka mbavu zikauma kwa sababu alikuwa hajui nguvu za kukamua zinatoka wapi. Tulipotia mtama na kuifunika kwa majani ya mgomba, ni yeye aliyesema, "Baba atafurahi." Aliyeonja wa kwanza ilipokuwa tayari ni yeye vilevile.

Mzee alifika siku moja kabla, baada ya safari ndefu ya miguu, enanga imefungwa kwenye ngozi mgongoni. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, kisha akanisalimu tena kwa Kinyambo, salamu ndefu ya kuuliza nyumba, watoto, ng'ombe ambao hatukuwa nao. Nilimtandikia nyasi mbichi, nikampa kahawa ya kutafuna, kisha rubisi. Binti yake alikuja mara moja tu, akapiga magoti mbele ya baba yake, akaondoka kabla mumewe hajamwuliza alikokuwa.

Siku ya ngoma tuliamka na kazi. Nilikuwa na wanawake sita wa kumenya ndizi na masufuria ya kuazima kutoka kila nyumba. Moshi ulituchoma macho. Jirani yangu naye alikuwepo, kwa sababu mumewe alikuwa amekwenda Kayanga kwenye mkutano wa walokole wenzake. Tulibeba vyakula hadi uwanjani, tukapanga wageni, tukawanywesha wapiga ngoma. Mimi mwenyewe nilikibeba kibuyu cha rubisi, kila mtu akiniona.

Ilipofika zamu ya mzee, alikaa chini, akaiweka enanga mapajani. Ni ubao mrefu uliochimbwa kama hori, wenye nyuzi zinazopita juu yake kutoka ncha hadi ncha. Alianza taratibu, karibu kama anayeongea, akisimulia kundi la ng'ombe lililovushwa mto wakati wa njaa, akimtaja kila ng'ombe kwa rangi yake na umbo la pembe. Watu waliokuwa wakipiga kelele nyuma walinyamaza. Kisha akaingiza sifa za binti yake aliyeolewa mbali, anayekula ndizi siku hizi. Watu wakacheka. Jirani yangu alikuwa amesimama karibu nami. Aliivua shuka yake, akanipa niishike, akaingia uwanjani. Akanyanyua mikono juu kama pembe, akacheza ngoma ya kwao ya wafugaji, macho ameyafumba, miguu yake ikiigonga ardhi sawasawa na nyuzi za baba yake. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Nililia, shuka yake kifuani kwangu.

Jumapili ya pili baada ya hapo, mwinjilisti alipomaliza mahubiri, aliuliza kama yuko aliyeguswa na ana neno la kuungama. Jirani yangu akasimama.

Alianza kwa machozi. Alisema alikwenda kwenye ngoma. Nikamwonea huruma; nilidhani mumewe amesikia habari, na kwamba anajitua mzigo wake. Kisha akasema, "Nilishawishiwa. Pombe ilitengenezwa nyumbani kwa jirani yangu. Ndiye aliyempokea mzee na kumnywesha. Ndiye aliyeniita, ndiye aliyeishika shuka yangu ili nicheze. Mimi nilikuwa dhaifu."

Sikuamini kwamba mdomo ule ni wake. Nilimtazama nikingoja ageuke, anipe hata jicho moja la kunieleza. Hakugeuka. Nilifungua kinywa, lakini walokole walikuwa wameshaanza kuimba wimbo wa furaha kwa ajili ya mwenye dhambi aliyetubu. Walimkumbatia. Mumewe alikuwa analia kwa shukrani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni, na wanawake wa pande zote mbili walikuwa wamesogea kidogo.

Nilitengwa. Sikushiriki Meza ya Bwana, niliondolewa kwenye darasa la kuwafundisha wanawake kusoma, na ubatizo wa mtoto wangu wa pili ukasimamishwa hadi nitakapotubu hadharani. Darasa langu alipewa yeye.

Mume wangu alisema, "Nenda ukawaambie ukweli."

"Ni yeye wa kuusema," nikamjibu.

Nilingoja aje. Kila jioni niliacha mlango wazi, nikijua hatua zake zitakavyosikika kwenye majani makavu. Hakuja. Alikuwa akibadilisha njia ya kwenda shambani ili asipite kwetu, nami nikiona kichwa chake kikipita mbali, nyuma ya migomba.

Aliyekuja ni baba yake. Habari zilimfikia Nyakatuntu, akatembea tena njia ile yote, safari hii bila enanga. Hakuingia kwa binti yake. Aliketi kwangu, akakataa kunywa.

"Mwanangu, nimesikia uliyofanyiwa. Rubisi ile ilitoka kwenye ndizi za nani?"

"Tata," nikamwita baba kwa Kinyambo, "tuyaache."

"Nakuuliza za nani."

Nikamwambia. Akainuka, akapanda mlima mpaka kwa mwinjilisti. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama nje akasema wazi kwamba binti yake ndiye aliyeomba kila kitu, na kwamba mimi nilitenda wema tu. Mwinjilisti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba yeye si mtu wa kanisa, na habari za kanisa huamuliwa na wa kanisa. Mzee aliteremka bila kunitazama usoni. Alikuwa na aibu, yeye ambaye hakukosa lolote.

Karibu mwaka mzima ulipita. Mwishowe nilisimama kanisani nikatubu kwamba nilitengeneza pombe, maana hilo lilikuwa kweli. Sikumtaja mtu. Mtoto akabatizwa. Wakati wa wimbo nilimwona jirani yangu amejiinamia.

Wiki ile tulikutana kisimani, wawili tu. Alitua mtungi wake.

"Mume wangu alijua nimecheza," akasema. "Aliambiwa huko huko Kayanga. Alisema atanirudisha kwa baba na watoto watabaki. Wewe una mume anayekusikiliza. Nilijua wewe utapona."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi ungekuja uniambie. Hata kabla hujasimama kanisani. Ningekubali, munywani. Ungeniomba tu, ningekubali."

Akaanza kulia, akaniomba nimsamehe. Nikamwambia nimemsamehe, nikamtwika mtungi wake kichwani kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumtwika. Tuliishi jirani miaka mingi baada ya hapo. Tulisalimiana kila asubuhi, tulisaidiana kwenye misiba, lakini neno lile la munywani sikumwita tena, wala yeye hakuniita.