Begi Chini ya Meza

Mtaani wanamwita Cheka Kidogo, maana kwa miaka ishirini na sita kila aliyekaa mbele ya kamera yake ameambiwa maneno hayo hayo. Mimi mkewe namwita kichwa ngumu, na simsingizii.

Mimi ni fundi cherehani. Studio yake na cherehani yangu ziko chumba kimoja, pazia tu katikati, kwa hiyo anachoambiwa na wateja nakisikia hata nisipotaka. Kuna mwaka nilisikia mengi. "Fundi, ukuta wangu umekuwaje wa zambarau?" "Fundi, hii sebule yangu au katuni?" Wanasema huku wanacheka, kwa heshima zote, halafu hawarudi tena.

Sifa yake ilikuwa picha za vyumba vyenye dirisha. Ukiufuata mwanga wa nje, chumba kinakuwa giza. Ukiufuata wa ndani, dirisha linaungua na kuwa jeupe. Yeye anaweka kamera kwenye stendi, anapiga tatu bila kuisogeza, moja ya giza, moja ya kati, moja yenye mwanga mwingi, kisha anaziunganisha kwenye kompyuta. Zamani ungeapa hakugusa kitu. Unaona chumba tu, kana kwamba umesimama mlangoni.

Sasa mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa anastaafu Ijumaa. Alitaka picha moja: yeye mezani kwake, darasani, na kiwanja kikionekana dirishani. Jumatano akaja kuiangalia. Nikasikia nyuma ya pazia, "Baba, huyu ni mimi kweli?"

Nikafunua pazia. Majani ya kiwanjani yalikuwa kijani cha kuumiza macho, mawingu yana ukingo mweusi, na mwalimu mwenyewe, mama wa watu, kawa wa kijivu, kila kunyanzi limechorwa.

"Ni kioo cha kompyuta hiki, kimechoka," mume wangu akasema. "Nitairekebisha."

"Ijumaa wanaitundika darasani, baba. Usiniangushe."

Alipotoka nikamtolea uvivu mwenzangu. "Hicho ni kioo cha tatu unachokilaumu mwaka huu. Unatia chumvi mno. Punguza."

Akaja juu. "Wewe shona nguo zako."

Nikavuta kiti nikakaa kando yake, nimekasirika na nilitaka ajue. "Fungua ile ya kati, ambayo hujaigusa." Akafungua. Dirisha lilikuwa limeungua kidogo, lakini ndani palikuwa pazuri: mwalimu katulia, na chini ya meza begi lake la ngozi, hata kifungo unakiona.

"Hii ina ubaya gani?"

"Chini ya meza giza tupu."

"Si kuna begi?"

"Begi gani?"

Nilidhani ananitania. Akaanza kuinua vivuli, kutia mwanga penye giza, anaongeza, anaongeza, mpaka sakafu ikang'aa na meza ikawa rangi ya chungwa. "Aa, begi hili," akasema kwa furaha. "Unaona? Sasa limetokea."

Kumbe hakuwa anaharibu picha. Alikuwa anainua giza mpaka na yeye aone.

Alhamisi asubuhi nikamburuta kwa daktari wa macho. Presha ya macho, akasema, ya siku nyingi. Kilichopotea hakirudi, kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Mume wangu akauliza ana muda gani wa kufanya kazi. Daktari akanitazama mimi badala ya kumjibu yeye, nikatamani kumzaba kibao. Njiani nililia waziwazi, watu wakanipisha.

"Mwambie mwalimu nimeshindwa," akaniambia tulipofika.

"Kamwambie mwenyewe. Au kaa hapa."

Akakaa. Mkono wake ukashika kazi, macho yakawa yangu. Mimi kila siku nalinganisha uzi na kitambaa, rangi haziniongopei.

"Punguza," nikasema. "Tena. Hapo majani yamekuwa majani."

"Uso?"

"Bado wa bandia. Rudisha kivuli cha shavu. Tena. Basi, huyo ni mtu."

"Mtu yupi?"

"Mwalimu. Kachoka, lakini ndiye."

"Na begi?"

"Lipo. Limekaa kivulini, lakini lipo."

Mkono ukasimama. Akaukazia macho ule weusi wa chini ya meza muda mrefu, mpaka nikaogopa. "Kweli lipo?"

"Lipo, mume wangu."

Akaihifadhi vilevile, picha ambayo nusu yake hakuiona.

Ijumaa mwalimu mkuu aliishika kwa mikono miwili. "Hili ndilo darasa langu," akasema. "Hata begi langu, jamani." Mume wangu akatabasamu.

Mwalimu alipoondoka akaniambia nikae kwenye cherehani, karibu na dirisha. "Cheka kidogo," akasema. Akapiga tatu. Akazifanyia kazi peke yake, akanikataza kusema neno.

Ilikuwa mbaya kuliko zote. Uso wangu rangi ya boga, dirisha bluu ya wino, kila mkunjo wa shingo nje. Nikafungua mdomo nimwambie.

"Hapo nakuona," akasema.

Nikaufunga mdomo. Picha nimeitundika juu ya cherehani. Wateja wakiuliza nani kaniharibu hivi, nawajibu ni mume wangu, kisha nawapima nguo zao.