Sauti Iliyofika Antena Nne kwa Pamoja

Mimi si mtu wa kuogopa mizimu. Niliondoka Goma na begi moja, nikarudi na diploma ya elektroniki, nayo iko ukutani kwangu, mtaa wa Katoyi. Sikuipata kwa kubebwa na mtu. Kwa hiyo ninapowaambia kwamba haya yalinipata mchana kweupe, saa kumi, mnisadiki.

Nilikuwa nimetengeneza mtambo ambao hapa mjini sijauona kwa mwingine. Antena nne kwenye pembe nne za parsele yangu, kiwanja cha nyumba yangu, kila moja na kigeuzi chake, kifaa kidogo kinachobadili wimbi la redio kuwa namba. Sauti ikifika antena moja kabla ya nyingine, namba zinatofautiana kidogo, nami najua imetoka upande gani.

Mama Masika, muuza maharage kutoka Butembo, alikuja na shemeji yake. Mume wake alikuwa mtu wa fonie, ile redio ya kuongea na vijiji vya mbali. Tangu vita viingie kijiji alichofanyia kazi, hakuna aliyemwona. Lakini kila saa kumi sauti yake ilisikika kwenye fonie ya rafiki yake pale mtaa wa Mapendo, ikimwita mkewe, kisha inazama.

“Unionyeshe tu upande, papa,” mama akasema. “Shemeji ataenda kumuleta. Kama hayuko, tufanye matanga. Kila jioni ninamuwekea sahani.”

Nikamkalisha kwenye kiti katikati ya parsele, mbali na nyaya zangu. Saa kumi ilipofika, sauti ikaja safi kabisa. “Mama Masika. Sikiliza.”

“Njo yeye,” mama akasema, akiitambua sauti ya mume wake.

Nikatazama namba. Antena zote nne zilikuwa sawa, bila tofauti hata chembe. Hali hiyo naijua: hutokea ninapopima vigeuzi kwa chombo cha majaribio ninachokiweka katikati, umbali sawa na antena zote. Nikadhani nimesahau kukiondoa. Nikazima mtambo, nikafuta kila kitu kilichorekodiwa ili nianze upya.

“Papa, acha aongee kwanza.”

“Muvumilie, mama. Hii ni kazi ya watu waliosoma.”

“Mashini yako iko na diplome,” shemeji akasema, “masikio haina.”

Nilipowasha tena, hapakuwa na kitu. Wala kesho yake; hata kule Mapendo haikusikika tena. Chombo cha majaribio nilikikuta ndani ya sanduku, hakina hata betri. Nyaya zote zilikuwa nzima. Sasa niambieni, ile sauti ilitoka wapi, kama si kwenye kile kiti?

Juma lililofuata mtu aliyekimbia kijiji kile alifika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Alisema mume wa mama alimzika yeye mwenyewe, kwa mikono yake, siku ya kwanza ya vita. Redio yenyewe iliungua.

Nilienda kwenye matanga. Nilimwambia mama ukweli: mume wako hakuwa upande wowote, alikuwa hapo kando yako. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Alitaka nisikilize nini?”

Diploma bado iko ukutani. Kiti sijakiondoa. Kila saa kumi ninawasha, namba zinapita, kelele tupu. Wewe unayeshika mashine, ukiona usichokielewa, usikifute. Mwache mtu amalize kusema.