Neno Moja la Spana

Nimekuwa mkutubi kwa miaka ishirini na miwili, na wasomaji wangu wananiita Bi Kimya. Wanadhani sijui. Ukutani nyuma ya meza yangu kuna sheria tano nilizoziandika kwa mkono wangu, na ya kwanza inasema: Usiandike kitabuni. Mwenye maoni tumemwekea daftari kubwa karibu na dirisha. Aandike humo jina la kitabu, ukurasa, na lililomgusa. Kitabu cha wote si shati lako, ukitie kiraka upendavyo.

Kwa hiyo Jumatano ile, nilipofungua riwaya iliyorudishwa asubuhi nikakuta vijistari vya chaki ya buluu pembeni mwa kurasa, damu ilinichemka. Nilivihesabu: kumi na tisa. Havikuwa na maneno, vifupi tu kama kucha. Chaki ile niliijua, ni ya mafundi wa nguo, na aliyeazima kitabu alikuwa mshonaji wa mtaa wa nyuma, mwanamke mpole ambaye hajawahi kuchelewesha kitabu hata siku moja. Nilichukua kitambaa laini nikafuta ukurasa baada ya ukurasa. Palipogoma nikamaliza kwa ufutio. Kisha nikaitoa kadi yake ya uanachama sandukuni, nikaiweka kando ili niifute na yenyewe. Sheria ni msumeno.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mume aliyemwacha mkewe mgonjwa kwenye foleni ya hospitali, akasema anakwenda kununua maji, asirudi. Ilikuwa imewasha moto kwenye daftari letu. Karani wa posta aliandika: "Mwandishi ana kipaji, ila mume huyu anahitaji viboko." Chini yake mwalimu wa hesabu akaongeza: "Viboko vingapi? Tukubaliane." Mimi niliandika kwa wino: "Mtu huyu hana haya, na anayemhurumia hana pia." Nikatia sahihi.

Ijumaa mchana mshonaji akaja, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi.

"Habari za kazi, dada. Naomba kile kitabu tena."

"Kile ulichokichora?"

Akashtuka. "Umeiona mistari?"

"Nimeiona, na nimeifuta."

"Yote?"

"Yote. Kitabu si kitambaa, dada yangu."

Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Ningeifuta mwenyewe. Ndiyo maana nilitumia chaki, inafutika. Nilisahau tu kunakili namba za kurasa kabla sijakirudisha." Aliitazama mikono yake. "Sasa keshokutwa nitamwonyesha nini shemeji?"

Nilikuwa na hotuba tayari mdomoni. Nikaimeza, nikamwacha aseme.

Mumewe alikuwa fundi wa magari, mtaa mzima ukimwita Spana. Kiharusi kilimwangusha mwaka juzi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yote yakamtoka, likabaki moja: pole. Akitaka maji, pole. Jirani akipita, pole. Mlango ukijibamiza, pole kwa mlango. Watu wakaanza kuongea mbele yake kama wanavyoongea mbele ya kabati. Lakini kila mchana mkewe aliiacha cherehani ipoe, akamsomea riwaya, na humo ndani ya riwaya aligundua jambo. Spana hakulitupa lile neno ovyo. Alinyamaza kurasa tano, sita, kisha likatoka mahali pake hasa.

"Kila lilipotoka nikatia alama," alisema. "Sikuwa na kalamu mkononi, nilikuwa na chaki."

Mdogo wake Spana, dereva wa lori, angekuja Jumapili kumchukua akakae shambani kwa shangazi yao. Alisema kaka yake hajui alipo, kwa hiyo kote kwake ni sawa. Mshonaji alibisha kwamba mumewe anaelewa kila kitu. Shemeji akamjibu: "Nionyeshe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Niliirudisha kadi yake sandukuni.

"Jumapili hatufungui," nikamwambia. "Nitakileta mwenyewe."

Jumapili nilipofika kwao nilikuta begi la nguo za Spana limeshafungwa, liko mlangoni. Sebule ndiyo chumba cha kushonea: cherehani kwenye kona, magauni ya wateja yakining'inia ukutani, na Spana kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, mto chini ya mkono uliolala. Dereva alikuwa amesimama, funguo za gari zikicheza kidoleni.

"Shemeji, umebeba vya kutosha," alikuwa akisema. "Huyu sasa ni gogo. Nani atakulaumu?"

"Gogo lina masikio. Punguza sauti."

Nikajitambulisha, nikakiri kosa langu. Nilimweleza kwamba ushahidi ulikuwapo, na mimi ndiye niliyeufuta. Dereva akacheka. "Kumbe leo nimeletewa na wakili!"

"Si wakili. Kaa, nisome."

Nilianza ukurasa wa arobaini. Panapochekesha, pale mganga wa meno anapong'oa jino zima akaliacha bovu, Spana alitoa kikohozi ambacho mkewe alisema ni kicheko. Nikafika kwenye foleni ya hospitali, mke anasubiri maji, jua linampiga. Nilisoma polepole, kwa makusudi. Spana kimya. Nikarudia sentensi. Kimya.

"Unaona?" dereva akasema, safari hii kwa upole.

Mshonaji aliniashiria niendelee, nami nikaendelea, moyo umenishuka. Ukurasa wa sitini na tatu, yule mume yuko kituo cha mabasi, chupa ya maji mkononi. Basi la kwenda linaondoka, la kurudi linaondoka, naye hapandi hata moja. Miguu haimtii.

"Pole," akasema Spana.

Mahali hapo hapo niliwahi kupasoma nikasonya.

"Bahati tu," dereva akasema. "Lete hapa."

Akakinyakua kitabu, akaketi kwenye begi, akaanza kusoma mwenyewe, kidole chini ya mstari kama mtu asomaye kibali cha barabarani. Alikuwa mjanja: akachagua mahali pasipo na lolote, mume anakula mkate. Spana akatazama dirishani. Dereva akaruka kurasa, akasoma kuhusu mvua. Hakuna. Akaruka tena, akajikuta ukurasa wa mia na kumi na mbili, pale mume yule, amechakaa, anabisha mlangoni kwa kaka yake. Kaka yuko ndani. Taa inawaka. Hafungui.

Sauti ya dereva ilipungua. Akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena.

"Pole," akasema Spana. Lakini hakuwa akitazama kitabu. Alikuwa akimtazama mdogo wake.

"Hujaja tangu kiangazi cha mwaka jana," mshonaji akasema taratibu. "Kila gari likisimama nje anageuza shingo."

Dereva alikiweka kitabu sakafuni kifudifudi, mgongo umepinda, jambo ambalo huwa nalikemea papo hapo. Safari hii nilikiacha. Alisogea akaushika ule mkono uliolala, akaushika muda mrefu, akawa anautazama kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Kaka," alisema, "pole na wewe."

Halafu, baada ya kujifuta uso kwa kiwiko: "Alifungua?"

"Nani?"

"Huyo wa kitabuni. Mwishowe alifungua mlango?"

"Soma ujue," mshonaji akasema. Alilichukua begi mlangoni, akalirudisha chumbani.

Jumatatu nilifungua daftari la maoni. Yale maneno yangu ya wino bado yapo. Sikuyafuta, kwa kuwa aliyekosa hadharani ni haki kosa lake lisomwe hadharani. Mume yule alikosa, na hilo silibadilishi. Ila kuhusu anayemhurumia, nilisema nisichokijua. Chini yake nikaandika:

"Spana, fundi wa magari. Uk. 63: pole. Uk. 112: pole."

Zile alama kumi na saba nyingine wanazitafuta upya nyumbani, zamu kwa zamu, na dereva huja kila Jumapili asiposafiri. Nimewaongezea wiki mbili, na nimempa mshonaji bahasha ya vipande vya karatasi vya kuweka kati ya kurasa. Sheria ya kwanza bado iko ukutani.