Plakete Laki Sita na Arobaini

Namba ya damu yako ikipanda, wewe ungefurahi? Sisi wa mtaa wa Buyenzi tulifurahi, maana plakete tumezijua kwa malaria. Mtu akilazwa na homa, vichembe hivyo vya kugandisha damu hushuka, na ndugu hukaa roho juu. Vikipanda, tunasema amepona.

Ndiyo maana Alhamisi ile, fundi wa breki Tajudini, jirani yetu, aliporudi na karatasi ya kipimo iliyoandikwa laki sita na arobaini, mkewe Asiya alikaanga mandazi akatuita kwa dua ya shukrani. Saratani ilianzia kwenye utumbo mpana wa mumewe na ilikwisha kufika kwenye ini. Siku hiyo hakuna aliyetaja ini.

"Mwisho wa kawaida wameandika laki nne, ye amepita!" alisema Idi, muuza vipuri. "We Tajudini, bado kidogo utatafuta bibi wa pili."

"Wa kwanza tu ananishinda."

"Muache atafute," alisema Asiya. "Nani atamupokea na hiyo miguu ya kuku?"

Tukacheka. Tajudini alifuta machozi ya kicheko. "Houda alitaka kuja. Nimemwambia apana, angoje Ramadhani ipite. Mi napona."

Houda ni binti yao wa pekee, ameolewa Kigoma. Ramadhani ilikuwa bado miezi mitatu. Nilisoma biolojia chuoni, na namba ile ilinitia shaka; nikarudisha andazi kwenye sahani. Nilimwomba Tajudini ruhusa ya kuipeleka karatasi kwa daktari wake.

Daktari alinisikiliza kesho yake mchana akiwa amesimama. Alisema saratani ya utumbo ikishasambaa, plakete nyingi hivyo mara nyingi huenda pamoja na siku chache za kuishi. Namba peke yake haihukumu mtu, lakini huyu amekonda, na ini limechoka.

"Mbona hukumwambia?"

"Alinishukuru, akatoka anacheka. Nyuma yake kwenye foleni walikuwepo watu thelathini."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mgonjwa ana haki ya kujua, kwamba karatasi bila maneno ni dharau, na kwamba binti yake ameambiwa angoje Ramadhani ipite. Alisugua macho tu, akasema, "Binti asingoje," akaita mgonjwa mwingine. Hasira yangu ikabaki bila mtu wa kuipokea.

Nilitembea mpaka Buyenzi polepole kuliko kawaida. Tajudini alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, Asiya akimkanda miguu. Nilijaribu kuzungusha maneno.

"Karimu, mwanangu," Tajudini alinikatiza, "sema. Mi nimechoka, sina nguvu ya kukukimbiza."

Nikasema yote. Mikono ya Asiya ilisimama.

"Kumbe mulikula mandazi yangu bure," alisema Tajudini. "Mama Houda, leta simu."

"Utamwambia nini mutoto?"

"Nitamwambia aje. Ingine ataona mwenyewe."

Alizungumza maneno machache, akarudisha simu, akageukia ukuta.

Asubuhi iliyofuata nilipita kuwajulia hali. Tajudini alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekiinua, macho amefumba. Asiya alikuwa anampaka hina kwenye ndevu, taratibu, unywele mmoja mmoja.

"Na huku," Tajudini alimwelekeza kwa kidole. "Weupe wote ufunike. Houda amepanda basi alfajiri."