Rangi Nyekundu kwenye Migunga ya Ata

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Najua kwa sababu nilikuwa natazama simu, nikisubiri saa ya chai. Tulikuwa kwenye machimbo ya changarawe, barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma, na mimi nilikuwa mkalimani wa injinia wa machimbo hayo. Mimi ambaye darasani hujibu nikitazama dawati. Jirani yetu wa Kanamkemer, dereva wa tipa, Msomali, ndiye alimwambia injinia kwamba niko kidato cha tatu na Kiswahili changu ni kizuri. Likizo yangu ikawa hiyo.

Injinia alikuwa ametoka Kenya. Ndivyo tunavyosema sisi Waturkana mtu akitoka huko chini, kupita Kitale. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kiangazi wanachimba ndani ya laga, mto mkavu. Mvua ikinyesha milimani laga inajaa ghafla na tipa haiwezi kuingia tena. Kwa hiyo alitaka kupanua machimbo hadi juu ukingoni, maji yasikofika, arundike changarawe ya kuuza msimu wote wa mvua.

Pale juu kuna migunga saba. Ni ya Ata, mama wa mama yangu. Sehemu hiyo tunaiita ekwar: miti ya ukingoni ambayo ni ya familia, haina karatasi, lakini kila mtu wa hapo anajua. Ukame ukikaza, maganda ya migunga ndiyo chakula cha mbuzi wake, na mbuzi hao ndio waliouzwa nikaenda shule.

Nilikuwa natafuta namna ya kulisema hilo Ata alipotokea. Shanga mpaka kidevuni, ngozi kiunoni, tumbaku shavuni.

"Injinia, huyu tusimpakie," dereva akasema. "Na shanga zile, mizani ya barabarani itatukamata."

Wote wakacheka. Mimi pia nikacheka.

"Unamjua?" injinia akaniuliza.

"Hapana. Ni mtu wa hapa tu."

"Na hii miti iko na mwenyewe?"

Ningeweza kusema. Ata alikuwa hatua tano tu kutoka kwangu, ananitabasamia, na meno yake ya mbele ya chini hayapo, kama ilivyo kwa wazee wetu. Injinia alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Haina," nikasema. "Ni ya Mungu tu."

"Anasema nini?" Ata akaniuliza kwa Kiturkana.

"Anakusalimia."

"Mwambie ejok."

Nikamfikishia salamu hiyo. Injinia akainua mkono, kisha akachukua kopo la rangi nyekundu akapaka alama kwenye shina la kila mgunga. Msumeno ungefika kesho yake saa tano.

Ata alisubiri waondoke. Akaenda kwenye mti wa kwanza, akagusa rangi, akanusa kidole. Kwetu mnyama mwenye alama ana mwenyewe. Ata hajawahi kuona alama inayomaanisha kitu kingine.

"Wameniandikia?" akauliza. "Wewe ndiye umewaambia ni yangu?"

"Ehe," nikasema.

Alasiri aliwaleta wanawake wa maboma ya karibu, akawatembeza mti kwa mti. Nilimsikia akisema, "Mlisema shule itamharibu. Tazameni." Kisha akanisimamisha mbele yao, akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso na kifuani, baraka ya wazee, mate yenye harufu ya tumbaku. Akanipa maziwa kwenye kibuyu chake mwenyewe. Niliyanywa yote kwa sababu walikuwa wananiangalia. Sikuwahi kunywa kitu kigumu kama yale maziwa.

Nililala bomani kwa Ata, na Jumatano niliamka kabla mbuzi hawajafunguliwa. Ata alikuwa akikamua. Nikachuchumaa nyuma yake, nisione uso wake, nikamwambia yote: alama ni ya kukata, nilisema simjui, nilisema miti haina mtu.

Akaendelea kukamua mpaka maziwa ya yule mbuzi yakaisha.

"Nilikuona unacheka," akasema. "Nilidhani umefurahi kuniona."

Akaweka kibuyu chini, akafuta mikono.

"Twende. Utasema wewe, mimi sina Kiswahili."

Tulimkuta injinia na dereva wakinywa chai kando ya tipa. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikarudia.

"Huyu ni bibi yangu, mama wa mama yangu. Miti ni yake."

"Jana ulisema humjui."

"Jana nilimwonea aibu."

Dereva akatazama ndani ya kikombe chake. "Dada, wallahi mimi sikujua."

"Mimi nilijua," nikamwambia.

Injinia akafungua ramani juu ya boneti, akaitazama muda mrefu. Akasema msumeno ushatoka Lodwar. Akasema rundo la changarawe likiwekwa kwingine, tipa itazunguka msimu mzima. Mwishowe akampigia chifu simu. "Basi kazi isubiri mpaka chifu aje," akasema. "Lakini sijasema nimekubali."

Nikaokota jiwe lenye ncha kwenye changarawe nikaanza kukwangua rangi. Hakuna aliyenizuia. Ata alikaa chini ya mti akinitazama, hakunisaidia. Nilipofika wa saba akasema, "Huo uache."

"Ata, ni alama ya kukata."

"Nishasikia. Lakini wale niliowaita jana nitawaambia nini?"

"Nitawaambia mimi."

Nikaukwangua na huo. Kisha, kucha zikiwa bado nyekundu, nikashuka kuelekea boma la kwanza.